Sare 420 na neno "kuridhika": peleka mkataba kwa wakili kabla hujasaini

Mkataba niliusaini juu ya meza ya kukatia vitambaa, saa kumi na mbili jioni, mhasibu wa shule akiwa amesimama pembeni na funguo za gari mkononi. Ulikuwa na kurasa 4, zote za Kiingereza. Niliangalia mambo matatu tu: idadi ya sare, bei, na kama jina langu limeandikwa sawasawa. Seti 420, sh 38,000 kila seti, jumla sh 15,960,000. Asilimia 40 wanatanguliza, iliyobaki nikishakabidhi. Nikasaini kila ukurasa, akapiga muhuri wa shule, tukaagana. Usiku ule nilimpigia mama kumwambia kwamba kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata imeingia.

Nawaandikia mafundi wenzangu, wapishi wa shughuli, wauza mbao, wachapishaji wa fulana, yeyote mwenye biashara ndogo anayeletewa karatasi na mteja mwenye nguvu kuliko yeye. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Haya nimefundishwa na wakili wangu katika miezi niliyokuwa nadai fedha yangu, na sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara.

Kilichotokea ni hiki. Mkataba ulisema nikabidhi tarehe 5 Januari. Vipimo vya wanafunzi walikuwa wanipe mapema Desemba, lakini hilo tulilisema kwa mdomo, kwenye mkataba halikuwemo. Vipimo vya kidato cha kwanza vikaja tarehe 27 Desemba, vimepigwa picha kwenye daftari na kutumwa WhatsApp, vingine havisomeki. Mafundi sita tulikesha, ovaloki ikiunguruma mpaka alfajiri. Nilikabidhi mzigo wote tarehe 14 Januari.

Nilipofuata fedha yangu, sh 9,576,000, nikaonyeshwa kifungu ambacho sikuwa nimekisoma: kila siku ya kuchelewa, fundi anakatwa asilimia 5 ya thamani ya mkataba. Siku 9, asilimia 45, yaani sh 7,182,000. Na hata hicho kidogo kilichobaki kingelipwa "baada ya mteja kuridhika", na mteja alikuwa hajaridhika kwa sababu sweta 30 zilikuwa na bluu iliyopauka kidogo kuliko nyingine. Vitambaa na nyuzi nilikuwa nimekopa kwa mali kauli kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, na yeye alishaanza kunipigia.

Nilipoteza karibu miezi miwili kwa kwenda kwenye milango isiyo sahihi, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naona wengi wanapita njia hiyohiyo. Kwanza nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ni mtu mwema, akawaandikia watu wa shule barua ya wito, wao hawakutokea. Mwenyekiti anaweza kushuhudia makubaliano na kuwapatanisha mnaokubali kupatanishwa, lakini hana uwezo wa kumlazimisha mtu alipe deni la mkataba. Kisha nikaelekezwa kwa kijana mmoja mwenye meza na kompyuta, karibu na mahakama, anayejiita wakili. Kwa sh 30,000 akaniandikia barua kali ya kuwatishia polisi na jela. Barua ile iliniharibia. Deni linalotokana na mkataba ni madai, si jinai. Walipoipeleka kwa wakili wao, alijua mara moja kwamba aliyeiandika ni kishoka, na pengine wakaona kwamba sina mtu wa maana nyuma yangu.

Kumtambua wakili wa kweli si kazi ngumu. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili, unaandika jina lake na kuona kama yumo na kama leseni yake iko hai. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo mtu anaweza kuwa wakili na mwaka huu asiruhusiwe kufanya kazi. Hati aliyoiandaa lazima pia ionyeshe jina na anwani yake. Asiyetaka kuweka jina lake kwenye karatasi aliyokuandikia, ondoka.

Wakili niliyempata ni dada mdogo kwangu kwa umri, ofisi yake ina meza moja na kabati la mafaili. Alichukua penseli, akausoma mkataba wote kwa sauti, kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu, akinitazama usoni kila anapomaliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia mkataba wangu mwenyewe. Alipofika kwenye lile neno akaweka alama na kuniuliza, "Dada, kuridhika huku kunapimwa kwa kitu gani? Kuna sampuli mlikubaliana? Kuna siku ngapi za kukagua?" Hakukuwa na sampuli wala siku. Akaniuliza vipimo vililetwa lini. Nikatoa simu nikamwonyesha zile picha za daftari, na ujumbe wangu wa tarehe 12 Desemba nikiomba vipimo, na mwingine wa tarehe 19. Akasoma kimya, kisha akasema, "Usifute chochote hapa. Na simu hii usiiuze wala usimpe mtoto achezee."

Wengi tunadhani ujumbe wa simu si ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu upokelewe mahakamani. Mahakama huangalia kama unaaminika, umetunzwaje na umetoka wapi, ndiyo maana alitaka simu yenyewe ibaki salama na si nakala tu nilizochapisha steshenari.

Akanieleza na ile asilimia 5. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkiandika kiasi cha kulipwa pale mkataba unapovunjwa, aliyekosewa anapata fidia inayostahili, na haitazidi kiasi hicho. Maana yake ile tarakimu ni dari. Mahakama inaweza kutoa chini yake, na itauliza mteja kaumia nini kwa kuchelewa kule. Tena hapa kuchelewa kwenyewe kulianzia kwao. Niliposikia hivyo, kwa mara ya kwanza tangu Januari nilihisi nimekaa sawasawa kwenye kiti.

Lakini hakuniambia mazuri tu, na kwa hilo namheshimu. Kwenye mkataba wangu palikuwa na kifungu cha 11, kinachosema mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi, yaani mtu anayelipwa kuamua mgogoro nje ya mahakama, Dar es Salaam, gharama tugawane nusu kwa nusu. Kikiwepo kifungu cha namna hiyo, ukikimbilia mahakamani mwenzako anaweza kuomba shauri lisimame mpaka mpite huko kwanza. Kwa deni la milioni tisa, kumlipa msuluhishi, nauli, na siku za kufunga ofisi kungekula sehemu kubwa ya kile ninachodai. Na yale maneno ya mdomo kuhusu vipimo kuja mapema Desemba yangepata upinzani, kwa kuwa makubaliano yakishawekwa kwenye maandishi, Sheria ya Ushahidi haikubali kirahisi mtu aje na maneno ya mdomo ya kuyabadilisha. Ujumbe wa simu ndio ulioniokoa, kwa sababu wao wenyewe walinijibu humo, "vipimo tunaleta wiki hii."

Tuliandika notisi ya madai ya siku 14. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, bila kitisho hata kimoja: tarehe, kiasi, kifungu, viambatanisho. Siku ya kumi wakili wao akapiga simu. Wengi huogopa wakisikia mwenzao naye ana wakili. Kwangu mimi mambo yalianza kusonga siku hiyohiyo, kwa sababu mawakili wawili waliongea kwa dakika ishirini yale ambayo mimi na mhasibu tulikuwa tunagombana juu yake kwa wiki saba. Upande wao ulitaka hata kusema kwamba mhasibu hakuwa na mamlaka ya kusaini kwa niaba ya shule. Wakili wangu akauliza kama ni hivyo, malipo ya awali ya sh 6,384,000 yaliidhinishwa na nani, na sare zinavaliwa na wanafunzi wa nani. Hoja ile haikurudi tena.

Tulikubaliana sh 8,900,000. Nilisamehe sh 676,000 kwa ajili ya zile sweta, kwa sababu kusema kweli rangi ilikuwa na tofauti na mimi niliiona kabla sijazipeleka. Hati ya makubaliano iliandikwa kwa Kiswahili: awamu tatu, tarehe za kila awamu, na sharti kwamba awamu moja ikipita bila kulipwa, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Sharti hilo liombeni kila mnapokubali kulipwa kidogokidogo. Walilipa zote tatu.

Kama tungeshindwana na njia ya msuluhishi isingekuwepo, ningefungua shauri la madai. Hata huko, mahakama za wilaya na za hakimu mkazi hupeleka kesi kwenye upatanishi kwanza kabla ya kusikiliza mashahidi, kwa hiyo huwezi kukwepa kukaa mezani. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Usiseme utadai ukipata nafasi.

Kuhusu gharama, niwe wazi. Wakili alinitoza sh 900,000 kwa kazi nzima, tuliandikiana kabla hajaanza, na risiti akanipa. Mkataba wangu uliofuata, wa shule nyingine, nilimpelekea kabla ya kusaini, akanitoza sh 150,000. Viwango vinatofautiana kwa mji na kwa kazi, na kuna amri ya malipo ya mawakili ya 2015 inayoweka vipimo vyake. Muulize anatumia kipi, anajumuisha nini, na mkiishia kwenye mapatano bila kesi itakuwaje. Wakili mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Siku ya kupeleka mkataba usomwe, usiende na karatasi peke yake. Mimi sasa naandika kwanza kwenye daftari, kwa maneno yangu, kazi itakavyokwenda tangu oda mpaka fedha ya mwisho: nani ananipa nini, lini, nani anakagua, mzigo ukiwa njiani ni wa nani, jora la kitambaa likipanda bei katikati nani anabeba. Wakili hajui ushonaji. Hajui kwamba vipimo vikichelewa kila kitu kinachelewa. Nisipomwambia, hawezi kuliandika. Ninampa pia jina kamili la mteja ili aangalie BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama kampuni ipo na wakurugenzi wake ni akina nani, na anahakikisha anayesaini amepewa idhini kwa maandishi.

Lugha isikutishe. Mkataba wa Kiswahili una nguvu sawasawa na wa Kiingereza. Mteja akileta wa Kiingereza, omba siku tatu za kuusoma. Kwenye kazi zangu hakuna mteja wa kweli aliyewahi kunikimbia kwa sababu ya siku tatu. Na ile mikataba iliyochapwa tayari, ya kujaza majina, inaweza kukusaidia kuona mambo gani huandikwa, lakini imeandikwa kwa ajili ya biashara ya mtu mwingine. Wakati tuko kwenye hayo, angalia na mkataba wa fremu yako ya duka: mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na usipolipiwa mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Wangu ulikuwa haujalipiwa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikae nyumbani na karatasi yake. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria na mashirika yaliyosajiliwa chini yake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake ni miongoni mwa wanaosikiliza watu bila malipo. Kila mwaka, kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, kunakuwa na Wiki ya Sheria, mahakama na mawakili wanaweka mabanda mikoani na kutoa ushauri bure. Nimeona akina mama wakipita hapo kuchukua vipeperushi na kuondoka. Nendeni na mikataba yenu mkononi, kaeni, ombeni isomwe kwa sauti.

Neno "kuridhika" sasa halimo kwenye mikataba yangu. Mahali pake wakili aliandika hivi, nami naliweka hapa kama lilivyo ili umwonyeshe wako: "Mteja atakagua sare kwa kulinganisha na sampuli iliyosainiwa na pande zote mbili, ndani ya siku 5 za kazi tangu kukabidhiwa. Asipotoa pingamizi kwa maandishi ndani ya siku hizo, sare zitahesabiwa zimepokelewa na salio litalipwa ndani ya siku 7. Kila siku ambayo Mteja atachelewesha vipimo itaongezwa kwenye tarehe ya kukabidhi." Sampuli huwa mbili, kila moja tunaifunga kwenye mfuko wake wa nailoni, tunasaini juu ya kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye kola, mmoja anabaki nao mteja na mwingine unaning'inia kwenye msumari juu ya meza yangu ya kukatia.