Matairi magumu kwenye changarawe: je, yanasaidia?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezoea kuendesha baiskeli kwenye lami, na sasa najiandaa kwa mashindano yangu ya kwanza ya barabara za changarawe. Mazoezini, viganja hufa ganzi na gurudumu la mbele huteleza kwenye kona. Wenzangu wananishauri nijaze upepo hadi matairi yawe magumu kabisa, nisije nikapata pancha. Je, wako sahihi? – Msomaji, Narok

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo ndio unaozidisha taabu zote mbili ulizozitaja. Tairi gumu halilimezi jiwe bali huliruka, na kila linaporuka hukuinua wewe pamoja na baiskeli, hivyo nguvu ambayo ingekusukuma mbele huishia kuutikisa mwili, huku mpira ukigusa ardhi kwa eneo dogo lisilotosha kushika kona.

Kama fremu yako inaruhusu, funga matairi yenye upana wa milimita 40. Mtu wa kilo 70 anayetumia tyubu anaweza kuanza na paundi 40 kwa inchi ya mraba nyuma na 36 mbele, kisha akapunguza mbili mbili katika kila zoezi. Ukisikia ringi ikigonga jiwe, umepitiliza: tyubu hubanwa kati ya viwili hivyo, na ukiitoa utakuta matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba. Hapo ongeza upepo kidogo. Tafadhali nunua kipima upepo, kwa maana kidole gumba hakitofautishi paundi 35 na 45.

Usukani ushike bila kuukaza, viwiko vikiwa vimekunjwa. Penye matuta madogo yaliyojipanga, ambayo hutokana na magurudumu ya magari yanayodunda, jiinue kidogo kwenye kiti na ukanyage gia nzito. Kabla ya kona, shika breki mapema, baiskeli ikiwa bado wima, kisha fuata njia ya matairi ya magari, ambako mawe yaliyolegea yamekwisha kusukumwa kando.

Mashindano nayo hayafanani. Kule Emporia, Kansas, ambako Unbound Gravel hufanyika tangu 2006 na mbio zake kuu ni za takriban kilomita 320, mawe makali hupasua mbavu za tairi, kwa hiyo unene wa mpira huangaliwa sana. Huko kwenu Maasai Mara, Migration Gravel Race, iliyoanza 2021, huchukua siku nne, na maji ya kunywa yanahitaji kupangwa kwa makini kila siku.

Kwenye miteremko nakusihi usikimbilie nafasi. Sule Kangangi, nahodha wa timu ya Amani na mwendeshaji hodari aliyeipenda sana michezo hii, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Vumbi likitanda, mwache aliye mbele yako atangulie mpaka uione ardhi unayoikanyaga, hata kama kundi linakuacha. Kwenye mwinuko unaofuata utapata nafasi ya kulifikia.