Uliza Maji Kwanza

Kaskazi, upepo unaotuletea ndege wageni, imeanza kuvuma na maswali ya ndege yameshinda ya nguru. Nitajibu haya machache.

Nilitoka Malindi mjini hadi hori la Mida, kule Watamu, nauli nimelipa, nikakuta tope tupu na ndege wako mbali kama nukta. Wenzangu huwaona wapi? (Msomaji, Maweni)

Ndugu yangu, ulikwenda maji yamekupwa. Hata mvuvi hatoki bila kuuliza maji. Yakipwa, hori lote la Mida huwa sinia la chakula, na kila kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni, hutawanyika anakotaka. Yakianza kujaa huwasukuma taratibu mpaka ulipo wewe. Fika kama muda wa saa tatu kabla hayajajaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, basi ukiwahi saa saba kwenye lile daraja la kuning'inia mikokoni utakuwa umefanya la maana. Kila siku muda husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Yakijaa kabisa ndege huondoka kwenda kupumzika, nawe nenda zako.

Na usishuke kwenye tope eti uwakaribie. Mimi nilishuka mwaka wangu wa kwanza. Kandambili ya kushoto sijaiona mpaka leo.

Kuna ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama wa kuazima. Mjomba asema ni membe. Ni kweli? (Msomaji, Dabaso)

Mjomba tumsamehe. Huyo ni mla kaa, na kwangu ndiye sababu ya kwenda Mida. Mwangalie anavyowinda: hutembea hatua tatu, husimama kimya shingo imeinama, kisha hukimbia ghafla na kumnyakua kaa. Kaa akiwa mkubwa humpigapiga na kumng'oa magando kwanza, mdogo humeza mzima. Pembeni utamwona mwingine wa kijivujivu akilia bila kukoma. Huyo ni mtoto. Amesafiri na wazazi kutoka pwani za Uarabuni au Pembe ya Afrika, na huku bado anataka kulishwa.

Kwao, mla kaa huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe humo ndani, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Ndege wengine wengi wa ufukweni hutaga juu ya ardhi, mayai yenye madoa. Hapa kwetu hakai mwaka mzima: mwezi wa nne wengi huwa wameshaondoka.

Mume wangu ataka tukatafute bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mama mkwe amekataa, asema bundi huita kifo. Nifanyeje? (Msomaji, Gede)

Dada, kwa mama mkwe siingii. Ila mweleze kwa adabu kwamba bundi huyu hana mwili wa kubeba mkosi: urefu wake hauzidi sentimita 18, na chakula chake ni wadudu. Mara nyingi hulala mchana wawili wawili, wamebanana kwenye tawi la chini kichakani, kama maharusi wanaoona haya. Mbali na misitu yetu hii, anajulikana pia Usambara Mashariki, Tanzania, basi.

Chukueni mwongozaji wa msituni, maana yeye hujua walikolala. Peke yenu mtapita mita mbili msiwaone. Mwongozaji akitoa simu apige mlio wa bundi ili wajitokeze, mkatazeni. Niliwahi kuwa na kundi lililofanya hivyo, mlio ukapigwa kama muziki wa harusi. Ndege alihama tawi mara nne, na wenye kamera bado hawakutosheka.

Kusi ikivuma na ndege wa kaskazi wakiondoka, nifungie darubini kabatini? (Msomaji, Shela, Malindi)

Usithubutu. Nenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya mji. Vitwitwi wengi wamerudi kwao Ulaya na Siberia, lakini ndipo wanapokuja wageni wa Bukini (Madagaska), ndege wa rangi ya udongo wenye mabawa marefu ya kimbayuwayu. Wakitua mchangani hupotea machoni, ukidhani ni vibonge vya tope mpaka kimoja kiruke. Heroe nao huonekana pale mara kwa mara. Rudi kabla ya magharibi: Sabaki ina viboko, na kiboko akitoka kula majani hataki kukukuta njiani.

Mimi ni mwalimu, nina wanafunzi thelathini na darubini moja. Tutafaidi? (Msomaji, Watamu)

Mtafaidi. Anzeni shuleni na kunguru wa Kihindi, ambaye hahitaji darubini wala nauli. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na sasa huiba mayai na makinda ya ndege wetu mchana kweupe. Wape watoto wahesabu wangapi wanatua jalalani asubuhi moja. Kisha wapeleke Mida, na hiyo darubini wapewe kwanza wale wa nyuma, wasije wakasukumana darajani.