Hendibreki ya kitufe ukiwa Mtwara: anza na namba ya chesisi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, gari unayotaka kuagiza ni ya Japani kweli au ni "ya Afrika Kusini iliyobandikwa nembo". La pili, hendibreki yake ya kitufe, inayobanwa na mota ya umeme badala ya mkono wako, itavumilia huku kwetu Mtwara, ambako fundi mwenye mashine ya kupimia gari unamtafuta kwa tochi? Waliotangulia wamekujibu kishabiki: mmoja anasema Mjapani ni Mjapani tu, mwingine anasema kitufe ni ugonjwa. Mimi kazi yangu ni breki, hapa hapa mjini upande wa Magomeni, na gari ninazolala chini yake ni za korosho, za maofisi na za wauza samaki. Kwa ninavyoona, maswali yako ni swali moja. Kiwanda kilichounda gari, na soko ililoundiwa, ndivyo vinavyoamua imefungwa hendibreki gani na spea yake utaitoa wapi.

Nembo ya mbele isikusumbue. Chukua Hilux mbili zilizopaki nje ya bandari yetu: moja inaweza kuwa ya Thailand, nyingine ya Durban, kiwanda cha Prospecton, na wenyewe wote wanaapa wana Mjapani. BMW X5 watu wanaiita Mjerumani, lakini inaundwa Spartanburg, South Carolina, Marekani, tangu kizazi chake cha kwanza. Mercedes C-Class nyingi za usukani wa kulia zimetoka East London, na hiyo East London iko Afrika Kusini. Polo nazo nyingi ni za Kariega, mji uliokuwa ukiitwa Uitenhage, Afrika Kusini huko huko. Kwa hiyo hilo neno "ya Afrika Kusini" unalolisema kama tusi, kuna watu wanalilipia fedha nyingi bila kujua.

Namba ya chesisi ndiyo inayosema. Gari nyingi za dunia zina namba yenye herufi na tarakimu 17, na ndani yake hutakuta I, O wala Q, maana zingechanganywa na 1 na 0. Ukiona namba kwenye kadi ina O, aliyeandika kakosea, au kuna mchezo. Herufi ya mwanzo inakupa nchi: J ni Japani, W ni Ujerumani, L ni China, 1, 4 na 5 ni Marekani, 6 ni Australia. Uingereza inaanza na S. Hilux ya Afrika Kusini inaanza na AHT, ya Thailand MR0. Bajaji na boda za India zinaanza na M pia, kwa hiyo usiishie kwenye herufi ya kwanza, soma tatu. Hizo tatu zinamtambulisha mwenye nembo zaidi kuliko ukuta wa kiwanda, ndiyo maana C-Class ya East London unaweza kuikuta na W kama ya Ujerumani. Hapo inabidi uende kwenye herufi ya 11, ambayo kampuni nyingi huitumia kuonyesha kiwanda.

Sasa sikiliza hili, ndilo linalowapiga chenga watu wengi. Gari iliyoundwa kwa soko la ndani la Japani haina namba ya 17. Ina namba fupi: msimbo wa modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. Toyota IST ya injini ya 1300 itaanza na NCP60, ya 1500 NCP61. Muuzaji akikwambia "hii ilikuwa ya mzee mmoja Osaka" halafu kwenye chesisi unakuta namba ya 17 inayoanza na JT, Toyota hiyo ni kweli imeundwa Japani lakini iliundwa kwa ajili ya kupelekwa nje. Haiwi mbovu kwa sababu hiyo. Ila ilitembea nchi nyingine kabla ya kufika kwako, na spea zake zinaweza zisifanane na za jirani yako mwenye jina hilo hilo la gari. Tena cheti cha Kijapani cha kuisafirisha kinaandika mwezi iliposajiliwa mara ya kwanza. Mwezi wa kuundwa ni kitu kingine, hivyo usibishane na fundi kwa karatasi hiyo.

Uhusiano wake na hendibreki ni huu. Nissan X-Trail za umbo la T32 za mwanzo, zile zilizouzwa Japani zina pedali ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, na zilizouzwa Ulaya zina kitufe. Jina moja, umbo moja, breki ya kupaki tofauti. Ukimwagiza kijana wako Kariakoo "waya wa hendibreki wa X-Trail" bila namba ya chesisi, basi la usiku litakuletea mzigo usiofungika popote.

Hendibreki zenyewe, acha nianze na ile ya mkono, kwa sababu ndiyo inayonilisha.

Ukivuta mkono, waya unavuta wenzo mdogo ulio ndani ya dramu ya nyuma (bakuli la chuma linalozunguka na tairi), wenzo unasukuma shuu mbili (vipande vya msuguano vilivyo ndani yake) zitanuke na kubana dramu. Hakuna mafuta ya breki hapo, ni chuma na waya tu, na ndiyo maana ilipaswa iwe breki isiyokuangusha hata mafuta yakivuja yote. Gari yenye diski (sahani ya chuma) nyuma inakuwa na njia mbili. Ama diski ina dramu ndogo katikati yake, yenye shuu zake za kupaki peke yake, kama Prado nyingi zilivyo. Ama waya unazungusha wenzo ulio kwenye kalipa (kile chuma kinachokumbatia diski), na skrubu ya ndani inasukuma pistoni ibane padi kwenye diski. Hii ya kalipa ndiyo inayokwama mapema kwa wanaokaa karibu na maji.

Kwa gari za huku kwetu, hendibreki nyingi ninazofungua hazijachakaa. Zimekufa kwa kutotumika. Mji wetu ni tambarare, gari ni otomatiki, mtu anafika nyumbani Shangani anaweka P, anazima, anaondoka. Mwaka mzima mkono haujaguswa. Waya uko ndani ya ganda lake, chumvi ya bahari inaingia, vumbi la barabara ya shamba linaingia, mvua za masika zinamalizia. Siku anayopanda mlima wa Newala kutokea Masasi na kutaka kusimama, anavuta mkono unakuja mwepesi kama utepe, au unavutika vizuri halafu hauachii. Nikifungua, shuu zina unene karibu wa kiwandani.

Na P isikudanganye. Ndani ya giaboksi kuna kidole cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gurudumu moja na kulizuia lisizunguke. Ukipaki mlimani kwa P peke yake, uzito wote wa gari umekaa juu ya kidole hicho, na ule mshindo unaousikia asubuhi ukitoa P ni chuma kikichomoka kwenye meno kikiwa kimebanwa. Utaratibu ni huu: mguu kwenye breki, weka N, vuta hendibreki, achia mguu taratibu gari ikae juu ya hendibreki, kanyaga tena, ndipo uweke P. Ukiwa na manuali, weka gia namba moja au rivasi baada ya hendibreki. Jiwe nyuma ya tairi ni akili nzuri, siwacheki kabisa madereva wetu wanaotembea nalo. Ninaowalaani ni wanaoliacha katikati ya lami wakiondoka.

Mkono ukipanda kliki nyingi kabla ya kushika, usikimbilie kukaza nati ya waya pale katikati ya viti. Fundi wa haraka atafanya hivyo, utaona umepona, na baada ya muda shuu zinagusa dramu ukiwa unatembea. Kwanza zirekebishwe shuu zenyewe kule nyuma, halafu ndipo waya. Kwa gari ndogo nyingi mkono uliokaa sawa unashika ndani ya kliki sita mpaka tisa, ila kitabu cha gari yako ndicho chenye neno la mwisho.

Kuna kinyume chake pia. Gari iliyopita kwenye maji, ikipakiwa hapo hapo na hendibreki juu, shuu zinaweza kushikana na dramu kwa kutu, asubuhi tairi la nyuma linaburuzwa. Tembea kidogo huku umegusa breki mpaka zikauke. Na kama unaiacha gari wiki kadhaa karibu na bahari, iache hendibreki chini, weka gia au P, tairi uzibane kwa mawe.

Ya pedali, kama Noah na Mark X, ni waya ule ule, kinachovuta ni mguu. Nyingi unakanyaga kushika na unakanyaga tena kuachia. Sina la zaidi.

Tuje kwenye kitufe chako. Si kitu kipya, BMW 7 Series ya 2001 ilikuwa nacho, na Wajapani walifuata: Subaru Legacy ya 2009, Toyota Harrier ya 2013, Mazda CX-5 ya 2017. Zipo za aina mbili. Moja ina boksi lenye mota chini ya gari, mota inavuta waya wa kawaida wa hendibreki; hiyo Legacy ni ya namna hii. Nyingine haina waya kabisa, kila kalipa ya nyuma ina mota yake ndogo. Mota inazungusha meno, meno yanazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni. Uzuri wa skrubu hiyo ni kwamba mgandamizo wa padi hauwezi kuirudisha nyuma. Ikishabana, umeme ukikatika inabaki imebana. Kwa hiyo hofu yako kwamba betri ikifa usiku gari itateremka yenyewe, iondoe.

Shida ni upande wa pili: betri ikifa, huachiliwi. Jamaa mmoja alipaki ufukweni Msimbati, kule magari yanakopita juu ya mchanga, muziki ukalia mchana kutwa, betri ikaisha na bahari ikaanza kujaa. Gari ya kawaida wangeisukuma. Ile ilikuwa imebana nyuma, na gia imekwama kwenye P kwa sababu nayo inahitaji umeme kutoka. Waliokolewa na waya za kuchajia za gari nyingine. Tembea nazo. Na ukitoka mchangani, osha chini ya gari kwa maji baridi siku ile ile, mota za kalipa zina soketi za umeme na chumvi haizipendi.

La pili ni padi. Kwenye kalipa yenye mota huwezi kuja na klampu ukairudisha pistoni kwa nguvu. Kwanza mota iambiwe irudi nyuma, kwa mashine, au kwa gari nyingine kwa mpangilio wa vitufe na pedali ulioandikwa kwenye kitabu chake. Nimeletewa kalipa zenye meno yaliyosagika kwa sababu mtu alilazimisha. Kwa hiyo kabla hujalipia gari, mtafute fundi mwenye mashine hapa mjini au Masasi, umuulize kama inaingia kwenye hendibreki ya modeli hiyo. Jibu "mashine yangu inasoma gari zote" lisikutoshe. Mwambie akuonyeshe.

Ile Auto Hold ya kwenye foleni usiihesabu kama hendibreki. Inashikilia kwa presha ya mafuta ya breki kupitia pampu ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki), na gari nyingi zenyewe huhamia kwenye mota ukikaa sana au ukifungua mkanda. Breki ya mguu ikikufia ukiwa mwendoni, shikilia kitufe bila kuachia: magari mengi yatafunga breki kwa mpangilio mpaka yasimame. Usijaribu kwa mchezo.

Kuna aliyeuliza kuhusu hendibreki ya Canter, lile lori dogo la Mitsubishi, nimjibu hapa hapa. Nyingi hendibreki yake haiko kwenye magurudumu, iko kwenye dramu nyuma ya giaboksi na inashika propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma. Ukipiga jeki tairi moja la nyuma likaelea, difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) inaruhusu lile lizunguke huku na lililo chini lizunguke kule, gari inatembea na hendibreki iko juu. Mawe ni lazima. Malori ya makaa ya mawe yanayoteremka kutoka Songea yana mfumo mwingine: springi nzito ndiyo inayobana na upepo ndio unaoachia, hivyo upepo ukivuja yanajifunga yenyewe barabarani. Ile chemba ya springi asiifungue mtu asiyeijua, imeshaua mafundi.

Kwa hiyo mkuu, kama unakaa mjini na gari utaiwasha kila siku, chukua yenye kitufe na ubadilishe betri mapema. Kama ni ya kuachwa shambani Tandahimba mpaka msimu wa korosho ufike, mimi ningetafuta ya mkono. Yoyote utakayochagua, usiijaribie uwanjani kwa muuzaji. Ipeleke kwenye kile kilima cha Boma pale Mikindani, isimamishe ikitazama juu, weka N, hendibreki peke yake, toa mguu. Halafu igeuze itazame chini urudie. Na namba ya chesisi iweke hapa tuisome, ila funika tarakimu nne za mwisho.