Kosta ikikatisha ruti kati ya Arusha na Moshi, nani wa kuisimamia?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Bomang'ombe na nafanya kazi Arusha mjini. Jioni napanda kosta ya Moshi na kulipa nauli yangu kamili, lakini mara nyingi tukifika Kikatiti, kabla ya kwangu, konda anasema gari linageuza, tushuke. Nimelalamika Arusha, nikaambiwa niende Kilimanjaro ninakoishi. Huko nako nikaambiwa gari limepakia Arusha. Gari linalovuka mkoa ni la nani? Na kwa nini mikoa yetu miwili isiunde mamlaka moja ya usafiri kama walivyofanya Nairobi na majirani zao? – Msomaji, Bomang'ombe

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole na hizo jioni. Waliokuzungusha walikosea, kwa sababu gari hilo si la Arusha wala la Kilimanjaro. Leseni yake ya usafirishaji imetolewa na Latra, chombo cha taifa kilichoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya mamlaka ya zamani, Sumatra, kwenye usafiri wa ardhini. Latra ndiyo inayopanga ruti na kuweka ukomo wa nauli, na mpaka wa mkoa haupunguzi nguvu ya leseni hata kidogo. Kukatisha ruti ni kuvunja masharti ya leseni, iwe Kikatiti, Usa River au hatua chache kabla ya stendi ya Moshi.

Halmashauri zina nini basi? Zina stendi, na stendi ni fedha. Ukitoka Jiji la Arusha unapita Meru, unaingia Hai, ndipo unafika Moshi, na kila halmashauri inahesabu ushuru wa stendi kwenye mapato yake ya ndani. Kwa hiyo kila mmoja anataka magari yaingie kwake yalipe, lakini abiria aliyeachwa njiani baina ya stendi mbili hayumo kwenye bajeti ya yeyote. Hapo ndipo ushirikiano unapokosekana.

Kuhusu Nairobi, mamlaka yao ya usafiri, Namata, iliundwa mwaka 2017 kuunganisha kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wenzetu walikuwa na sababu ambayo sisi hatuna. Katiba yao ya 2010 iliwapa kaunti madaraka juu ya usafiri wa umma wa barabarani, kwa hiyo bila chombo cha pamoja kila kaunti ingeweza kupanga lake. Kwetu madaraka hayo hayajagawanywa. Tukiunda mamlaka mpya ya Arusha na Kilimanjaro, itafika mezani na kukuta kazi ya leseni inafanywa tayari na Latra, na ile ya stendi inafanywa na halmashauri. Mimi sishauri hivyo.

Ninachoshauri ni kuanza na chanzo cha tatizo, na chanzo ni hesabu, yaani fedha ambayo dereva humkabidhi tajiri, mwenye gari, kila siku. Jioni moja nilisimama Kikatiti na daftari langu. Kosta ilisimama, konda akapiga bodi mara mbili, wakashuka mama mwenye ndoo ya ndizi, vijana wawili wa shule na wengine wachache. Siti nyingi zilikuwa tupu. Dereva aliniambia bila kuficha kwamba tajiri anasubiri hesabu yake usiku uleule, na kwa abiria wale kwenda Moshi angechoma mafuta bure, wakati Usa River kuna watu wamejaa wanaorudi mjini. Faini inamuumiza siku akikamatwa. Hesabu inambana kila siku. Kipande kile cha mwisho kina hasara, na mpaka sasa anayeibeba ni wewe.

Swali la kuulizana kati ya majirani basi ni hili: nani atalipia kilomita zenye abiria wachache? Washington walilijibu kwa kuchelewa. Mji mkuu huo wa Marekani na majimbo ya Maryland na Virginia waliunda mamlaka moja ya usafiri mwaka 1967, na treni zake zikaanza kubeba abiria 1976. Lakini ilikuwa mwaka 2018 tu ndipo watatu hao walipokubaliana kuitengea fungu lake la kudumu, dola milioni 500 kwa mwaka. Kabla ya hapo kila bajeti ilikuwa ya kuombaomba. Hamburg, Ujerumani, walianza na pesa yenyewe. Mwaka 1965 kampuni zao zilikubali tiketi moja, mapato yakawa yanakusanywa pamoja kisha yanagawanywa. Kwenye mpango wa namna hiyo dereva hana sababu ya kugeuza njiani.

Hapa kwetu inatosha kuwa na kamati ndogo ya halmashauri hizo nne, Latra ikiwa mezani pamoja na wenye magari. Wakubaliane ratiba ya jioni, tuseme magari manne ya mwisho yanayofika Moshi kwa zamu, na yale ya zamu yasamehewe ushuru wa stendi siku hiyo, Arusha na Moshi. Kila halmashauri itapoteza kidogo, na msamaha huo ndio utakaomfanya tajiri akubali hesabu pungufu siku ya zamu. Kama hakuna halmashauri iliyo tayari kuachia hata ushuru huo, kamati haitafika mbali.

Kabla wakati huo haujafika, andika namba ya gari, tarehe, saa, uliposhushwa na nauli uliyolipa. Tunza tiketi. Peleka Latra mkoa wowote kati ya hii miwili, na nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo kazi yake ni kuwasemea abiria. Wakikwambia tena nenda mkoa ule mwingine, waombe wakuandikie jibu hilo kwa barua. Na tafuta abiria wenzako watano mnaoshushwa pamoja, msaini wote.