Konea iliyochongoka na weupe wa nyuzi za neva katika jicho moja

Ndugu, umeeleza kwamba binti yako wa miaka 16 ameambiwa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imechongoka katika jicho lake la kushoto, na kwamba nyuma ya jicho hilohilo pana weupe kwenye nyuzi za neva, nawe unauliza lipi litibiwe. Mimi ninazo hali zote mbili katika jicho la kulia, nami nakujibu kwa niliyoyapitia hapa Tanga.

Weupe huo kwa kawaida mtu huzaliwa nao. Nyuzi za neva ya jicho huvikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, ambao hukomea pale neva inapoingia jichoni ili mwanga upite kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, bila kizuizi. Kwa watu wachache utando huo huvuka mpaka na kuonekana kama unyoya mweupe. Hauondolewi, na mara nyingi haudhuru, ingawa ukiwa mpana huweza kuandamana na jicho kutoona mbali au kuwa vivu, yaani kuona hafifu hata kwa miwani.

Kliniki ya kwanza iliona weupe huo ikanirudisha nyumbani, na kwa miaka miwili nilibadilisha miwani bila nafuu huku konea ikizidi kukonda. Aliyenifumbua ni mpima macho mmoja wa Ngamiani, aliyenipa kibao cheusi chenye kitundu kidogo nichungulie, nami nikasoma mistari mitatu zaidi kwenye ubao wa herufi. Kitundu hupitisha mwanga mwembamba usiotawanywa na konea iliyopinda, lakini hakiwezi kusaidia kasoro iliyo kwenye neva. Mwombeeni binti kipimo hicho. Ni rahisi mno kuachwa.

Konea ndiyo isiyosubiri, hasa katika umri wake. Huimarishwa kwa matone ya vitamini B2 pamoja na miale ya urujuanimno, tiba inayolenga kuzuia isiendelee kuchongoka, kisha lenzi ngumu inayovaliwa juu ya jicho ndiyo hunyoosha uoni. Tafadhali asisugue macho kabisa, hata yakiwasha.

Jambo ambalo sikuambiwa mapema ni presha ya macho, yaani msukumo wa maji ndani ya jicho, ambao ukizidi huweza kuharibu neva. Konea nyembamba huifanya presha isomeke chini kuliko ilivyo, na mayelini huufanya mkeka wa nyuzi za neva uonekane mnene kwenye mashine inayopima unene wake, hivyo vipimo vyote viwili huweza kutuliza moyo bila haki. Mimi hubeba picha ya retina yangu kila ninapokwenda kupimwa, na humweleza daktari hali zote mbili kabla hajaanza.