Kabla hujauliza ada, uliza basi linaanzia wapi

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kwamba mtu akitafuta nyumba ya kupanga au kiwanja cha kujenga, shule ya msingi ya mtoto aiweke namba ngapi kwenye mambo ya kuangalia. Mi naiweka namba moja. Kabla ya kodi, kabla ya maji, kabla hata ya kujua mwenye nyumba ni mtu wa kelele au mstaarabu.

Ila kuna jibu nalisikia sana hapa Arusha na linanikera, mtu anakwambia aah mi wangu wanasoma inglishi midiamu, basi linawafuata getini, kwahiyo naweza kukaa popote. Hapo ndo nakataa kabisa. Mwenye mtoto wa basi ndo anatakiwa achague mtaa kwa makini kuliko mwenye mtoto wa Kayumba, yaani shule ya serikali, maana wa Kayumba akihama mtaa anatafuta shule ya serikali iliyo jirani na maisha yanaendelea, ila wa basi unaweza kumfunga kwenye kiti cha Kosta miaka yote ya msingi na usijue umemfanyia nini.

Chukulia shule iko Njiro na wewe umepanga Kwa Mrombo kwa sababu kodi ni nafuu. Basi halitoki Kwa Mrombo kwenda Njiro moja kwa moja, lina watoto wa Sombetini, lina wa Ngarenaro, linapita mjini kwenye foleni ndo lielekee Njiro, na wewe uliye mbali kuliko wote mtoto wako ndo wa kwanza kupandishwa. Saa kumi na moja alfajiri kondakta anapiga honi. Maana yake umemwamsha saa kumi na nusu, mtoto wa miaka sita, na kama ni mwezi wa sita au wa saba mnaijua wenyewe baridi ya huu mji. Jioni ndo utaona maajabu, kwa sababu basi linarudi njia ile ile kinyumenyume, aliyepanda wa kwanza anashuka wa mwisho. Nina jirani yangu mwanae yuko darasa la pili, mara nyingi anafika kigiza kimeshaingia, anakula ugali macho yamefumba, tai bado iko shingoni, mama yake kashika daftari la homuweki anamsomea swali na mtoto anajibu kitu kingine kabisa. Halafu mwisho wa muhula wanaambiwa mtoto ana uzito wa kuelewa. Aelewe saa ngapi?

Kwahiyo ukienda shule kuulizia nafasi usianze na ada, ada wataitaja tu hata usipouliza. Anza na kuuliza basi la mtaa wangu linaanzia wapi, mwanangu atakuwa wa ngapi kupanda, wa ngapi kushuka, na mnatumia gari moja au mawili. Ukiona anayekujibu anazungukazunguka omba namba ya dereva, dereva hana sababu ya kukuficha.

Na kuna hili la makorongo ambalo mgeni wa Arusha halijui na dalali hawezi kumwambia. Mji uko miguuni mwa Mlima Meru. Mvua ikinyesha kule juu maji yote yanashuka na makorongo kuja upande wa chini, Sinoni, Muriet na kwingineko, yaani wewe huku kwako hata wingu huoni vizuri ila korongo limejaa ghafla. Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji kule Muriet na watoto wakapoteza maisha, sitaki kulirudia sana maana kuna wazazi bado wana kidonda, ila tangu hapo mi nyumba yoyote naipima kwa masika, siyo kwa kiangazi. Ukipelekwa kuona nyumba mwezi wa tisa barabara zote nzuri, kavu, vumbi kidogo tu. Nenda mwezi wa nne. Kama kati ya nyumba na shule kuna korongo la kuvuka na hakuna daraja la maana, hiyo nyumba hata wakupe bure.

Sasa nije kwa Kayumba, maana wengi wetu ndo tupo huko na hakuna aibu. Ndugu yangu yuko Marekani aliniambia kule sehemu nyingi anwani yako ndo inaamua mtoto anasoma shule gani ya serikali, na sehemu ya hela ya shule inatokana na kodi ya majengo ya hapo hapo, kwahiyo karibu na shule nzuri nyumba zinapanda bei na watu wananunua nyumba ili wapate shule. Kwetu hiyo hesabu haiko hivyo. Shule ya msingi ya serikali haina ada, na ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, awe anasoma katikati ya mji au kule mwisho wa mji, ni ile ile. Kinacholeta tofauti ni wingi wa watoto. Viwanja vya bei chee viko pembezoni, vijana wanaooa ndo wananunua huko, watoto wanazaliwa huko, na madarasa hayaongezeki kwa kasi hiyo. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 na dawati moja watoto watatu, halafu tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Ingia shule yoyote ya pembezoni uhesabu mwenyewe. Wakati shule za msingi za zamani za katikati, ambako wenye nyumba watoto wao wameshakua na wengine wanapanda mabasi ya shule binafsi, mara nyingi unakuta darasa lina nafasi ya kupumua. Watu wanazidharau kwa sababu ziko karibu na soko na majengo ni ya kizamani.

Kuna wanaosema mi naangalia matokeo ya NECTA tu. Sawa, angalia, yapo kwenye tovuti yao unafungua mkoa, halmashauri, shule, unakuta wastani wa shule kati ya 300. Ila angalia na idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa 25 waliochujwa, wale dhaifu wamekaririshwa darasa au wazazi wameambiwa kiaina wamtafutie mtoto shule nyingine, huwezi kuilinganisha na shule ya serikali yenye watahiniwa 180 ambayo haimfukuzi mtu. Mi naangalia matokeo ya miaka kadhaa, na ya darasa la nne pia, kama watoto walikuwa wengi darasa la nne na wamepungua sana wakifika la saba nauliza wameenda wapi.

Wifi yangu alihamishwa kikazi kutoka Moshi mwaka huu na tukazunguka naye kutafuta nyumba. Dalali mmoja, kijana mcheshi kweli, ametuchukua hela ya kutupeleka halafu kila nyumba anasema mama shule iko hapo hapo, hapo hapo yenyewe inageuka safari ya bodaboda. Wifi akawa amependa nyumba moja huko chini, ndani ya fensi, maji ndani, luku ya peke yake, kodi 150,000, na mimi nikamwambia wifi hebu tupige hesabu kabla hujalipa miezi sita ya watu. Ana watoto wawili. Basi la shule aliyoitaka lilikuwa 60,000 kwa mwezi kila mtoto. Jumla na kodi ni 270,000 kwa mwezi. Upande wa Kijenge tulikuwa tumeona vyumba viwili na sebule kwa 240,000, nyumba ya zamani kidogo, jiko dogo, ila shule mbili ziko kwa mguu, moja binafsi na moja ya serikali. Akanijibu dada lakini ile ya chini ina marumaru. Ina marumaru kweli.

Tukaenda kwenye ile shule ya serikali saa ya kutoka, siyo asubuhi. Asubuhi watoto wote wanakimbia kwa sababu ya mwalimu wa zamu huoni kitu. Wakitoka ndo unaona. Mi naangalia kama wakubwa wanatembea na wadogo au kila mtu kivyake, naangalia wanavukaje barabara, kuna mtu wa kuwavusha au wanaruka tu mbele ya bajaji. Na pale nje ya geti palikuwa na mama anauza ubuyu na barafu, beseni lake jekundu limefunikwa nailoni, amekaa pale miaka. Huyo mama alituambia mambo ambayo ofisini tusingeambiwa. Kwamba mwalimu wa darasa la kwanza ni mkali ila watoto wake wanasoma, kwamba uji upo siku ambazo wazazi wamechanga na usipochangwa haupo, kwamba maji bombani siku hizi yanatoka. Tukanunua ubuyu wa buku, wifi akala wote.

Kitu kingine wazazi wanasahau ni kwamba ukihama nyumba katikati ya mwaka unamhamisha na mtoto, na uhamisho siku hizi unapita kwenye mfumo, mtoto ana namba yake ya PReM, ule mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, shule ya zamani inamtoa na mpya inampokea, usipofuatilia mtoto anakaa darasani huku jina liko kwingine, ikifika wakati wa kusajili mtihani ndo mnaanza kukimbizana. Na kwa wenye watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 na mtaala mpya, hao wanamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa la saba wa mtaala wa zamani, yaani mikondo miwili inagombea sekondari kwa mpigo. Mi kama ningekuwa na mtoto kwenye hilo kundi nisingegusa nyumba wala shule mpaka hapo pamalizike.

Wifi alichukua Kijenge. Badala ya marumaru amenunua zulia. Watoto kawaweka kwenye ile ya serikali kwanza, hela ya basi ambayo hatumii anamlipa mwalimu wa tuisheni ya Kiingereza jumamosi, kaka yangu, mume wake, bado analalamika kwamba jiko ni dogo na watu wa ofisini kwake wanamuuliza kwanini watoto wako Kayumba, hilo ni lake na wenzake.

Kwa mlioshajenga huko mbali, najua kuhama siyo kitu cha kuamka asubuhi ukafanya, jaribuni kukaa wazazi wa mtaa mmoja mkaiomba shule ibadilishe zamu, muhula huu basi lianzie upande huu, muhula ujao lianzie upande ule, angalau mateso yagawanywe. Huku kwetu wazazi wa Olasiti wanalijadili ila shule inasema dereva hataki. Kama kuna msomaji wa upande wa Usa River au Tengeru ambaye shule ya mwanae imekubali utaratibu huo aandike, na aseme walimwendeaje huyo dereva.