Mfupa umekufa, haujaoza

SWALI: Mwanangu ana selimundu. Alipopimwa nyonga tuliandikiwa kuwa "seli za mfupa zimefariki kwa kukosa damu". Shangazi yake anasema Kiswahili chenyewe ni "mfupa umeoza". Nani yuko sahihi? (Mama, Mwanza)

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Wote wawili wamekosea, ila makosa yao hayalingani.

Fariki tumelitoa kwa Waarabu, asili yake ni kuachana, na kwetu hufariki mtu, kwa heshima yake. Seli haina matanga. Imekufa, basi. Hili nalisamehe, siku hizi hata betri za simu zinafariki.

"Umeoza" silisamehi. Nenda sokoni ukatazame samaki. Kila aliyelazwa pale mezani amekufa. Unamfunua mashavu, unaona wekundu, unambonyeza, nyama inarudi, unalipa. Amekufa na hana kasoro! Aliyeoza utamjua kabla hujaifikia meza. Wahenga waliosema samaki mmoja akioza huoza wote hawakusema "akifa", maana wote walishakufa. Kuoza ni kazi ya vijidudu, na vijidudu havifichi harufu.

Sasa nyonga ya mwanao. Seli nyekundu za damu zilizopinda kama mundu huziba vimishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja. Seli za mfupa, kila moja katika kishimo chake ndani ya ule ugumu, hukosa oksijeni na kufa ndani ya siku moja au mbili. Kiini hunywea, baadaye hutoweka, kishimo kikabaki kitupu. Lakini madini ya mfupa yapo palepale, ndiyo maana picha ya eksirei ya mwanzoni huweza kuonekana safi wakati MRI imeshaona tatizo. Usaha uko wapi? Balaa huja na ukarabati: mishipa mipya ikishaingia, seli zinazomeng'enya mfupa mfu huwatangulia wenzao wanaojenga upya, na kile kichwa cha duara hubonyea kwa uzito wa mwili.

Nimesema "mfupa mfu" makusudi. Watu wa pwani maji yasiyojaa sana wala kupwa sana huyaita maji mafu, na hakuna anayeziba pua.

Bakteria wakiingia mfupani ukatunga usaha, jambo linalowaandama sana wenye selimundu, shangazi aseme umeoza, sitambishia. Kwa sasa anamtisha mtoto bure. Anayeambiwa mfupa wake umeoza huanza kuwaza kukatwa mguu.

Hata hivyo shangazi ni mzazi, namwachia. Watangazaji wa vipindi vya afya, ambao daktari wamemkalisha hapo hapo studio na bado wanasema "kuoza kwa nyonga", siwaachii.